Maisha ya Jacques Cousteau na Kamera ya Baharini

Sisi wa Mocímboa da Praia twaishi kando ya bahari, lakini wengi wetu hatujui yaliyomo chini yake. Kwa hiyo napenda kuwaelezeni habari za Jacques Cousteau.

Bwana huyu alizaliwa Ufaransa mwaka 1910, akawa afisa wa jeshi la maji. Alitaka kuwa rubani, lakini aliumia vibaya mikono katika ajali ya motokaa. Akawa anaogelea ili mikono ipate nguvu, na huko akaipenda bahari. Mwaka 1943, pamoja na Émile Gagnan, alitengeneza chombo cha kupumulia majini.

Sinema yake ya mwaka 1956, ambayo sehemu yake ilipigwa katika Bahari ya Hindi, ilisifiwa sana. Mimi sisifu yote yaliyomo, kwani watu wake waliua papa, tena walilipua samaki kwa baruti wapate kuwahesabu.

Kisha Mbelgiji Jean de Wouters aliwaundia Calypso, kamera isiyoingia maji. Tangu mwaka 1963 Nikon waliiuza kwa jina la Nikonos, wakaacha kuiunda mwaka 2001. Hata hivyo wako wanaoirudia. Naona wana haki: filamu moja ina picha 36 tu, wala haibadilishwi chini ya maji, basi mpigaji hana budi kutazama kwanza.

Cousteau naye alitazama, akageuka kuwa mtetezi wa bahari mpaka alipofariki mwaka 1997. Nasi tutazame, wenzangu, kwani mwamba uliolipuliwa haurudi upesi.