Daktari Albert Cook wa Mengo na Wanafunzi Wake

Mwanachuo aendaye kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Kigamboni hukutana mapema na swali ambalo huwa amelianzisha mwenyewe. Huwauliza watoto wa darasa la tano wangependa kufanya kazi gani wakiwa watu wazima. Mikono huinuka: daktari, muuguzi, rubani, daktari tena. Mwalimu huyaandika majibu ubaoni, huwapongeza watoto, kisha hufuta ubao na kuendelea na hesabu. Wiki ya pili wanachuo huniletea swali lilelile: mtoto akisema anataka kuwa mganga, mwalimu wa shule ya msingi amfanyie nini? Nimeona yafaa nilijibu kwa kueleza maisha ya mtu aliyeifanya kazi ya kulea waganga na wakunga katika nchi jirani ya Uganda, ingawa yeye hakuwa mwalimu kwa cheti.

Albert Ruskin Cook alizaliwa Hampstead, London, tarehe 22 Machi 1870. Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akajifunza uganga katika Hospitali ya St Bartholomew, mojawapo ya hospitali kongwe za London. Yafaa mwanachuo ajue jinsi hospitali za aina hiyo zilivyofundisha wakati ule. Mwanafunzi hakusikiliza mihadhara peke yake. Alikabidhiwa wagonjwa wachache wodini, akaandika habari zao, akafunga vidonda vyao, na kila mganga mkuu alipopita alitakiwa aeleze mbele yake alichokiona. Akikosea alisahihishwa palepale, mgonjwa akiwa mbele ya macho yao. Cook aliichukua desturi hiyo akaja nayo Afrika, na nadhani hakuna mzigo alioubeba uliokuwa na thamani kuliko huo.

Mwaka 1896 alijiunga na Church Missionary Society akatumwa Uganda. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa, hivyo yeye na wenzake walikwenda kwa miguu pamoja na wapagazi, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Miongoni mwa wasafiri hao alikuwamo muuguzi, Bibi Katharine Timpson, ambaye Cook alimwoa mwaka 1900. Walifika Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, mwezi Februari 1897, na kufikia Mei mwaka huo hospitali ndogo ya miti, matete na nyasi ilikuwa imefunguliwa. Nduguye, Daktari John Howard Cook, alimfuata mwaka 1899. Hospitali kubwa zaidi ilijengwa mwaka 1900. Radi ikaiteketeza mwaka 1902. Nyingine ya matofali ikasimama mwaka 1904.

Waganga wawili na muuguzi mmoja hawakuweza kuwahudumia watu waliomiminika hapo. Kwa hiyo tangu mwanzo walichukua vijana wa kiume na wa kike kutoka katika shule na makanisa ya misheni, wakawapa kazi ndogondogo: kufagia wodi, kuchemsha maji, kufunga vidonda, kupima dawa, kuandaa vyombo vya upasuaji. Wengi wa vijana hao walijua kusoma na kuandika tu. Hapakuwa na shule wala mtihani. Kulikuwa na kazi ya kweli, na mtu mzima aliyesimama karibu akitazama inavyofanywa.

Hapo pana jambo ambalo wanachuo huchelewa kulifahamu. Kazi waliyopewa vijana wale ilikuwa ndogo, lakini haikuwa ya mchezo. Kitambaa kisipochemshwa, kidonda kiliharibika. Dawa ikikosewa, mtu aliumia. Mwanafunzi aliyaona matokeo ya uangalifu wake au ya uzembe wake kesho yake asubuhi.

Mwaka 1901 ndugu wawili wa Cook waligundua miongoni mwa wagonjwa wao hali ambayo hawakuwa wameiona Uganda hapo awali: watu waliodhoofu na kusinzia mfululizo. Ulikuwa malale. Katika miaka michache iliyofuata ugonjwa huo uliua zaidi ya watu 200,000 katika pwani na visiwa vya Ziwa Viktoria, na ni mwaka 1903 ndipo wataalamu walipothibitisha kuwa huenezwa na mbung'o. Cook aliweza kuutambua mapema kwa sababu moja iliyo nyepesi kuieleza na ngumu kuitenda: kila mgonjwa aliyelazwa Mengo aliandikiwa habari zake tangu hospitali ilipofunguliwa. Pale panapoandikwa yaliyo ya kawaida, lisilo la kawaida huonekana.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoyageuza mafunzo ya Mengo kuwa shule. Msomaji wa Dar es Salaam anaijua alama moja ya vita ile kila apitapo sokoni, kwani jina Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichowekwa mahali pale. Wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na kichomi. Waganga wa Kizungu hawakutosha. Ndipo kilipoundwa kikosi cha tiba cha Waafrika, kilichowachukua vijana wa shule za misheni za Uganda, wakafundishwa kwa haraka na kupelekwa kuwauguza wapagazi katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara. Kabla ya hapo wakubwa wengi wa kikoloni waliamini kuwa Mwafrika hawezi kuaminiwa kazi hiyo pasipo kusimamiwa kila saa. Vijana hao waliikanusha imani hiyo kwa kazi yao. Mwaka 1917 Cook alianzisha Mengo shule ya wasaidizi wa waganga, na mwaka 1924 serikali ikaanza mafunzo ya uganga Mulago, ambayo baadaye yaliingia Chuo cha Makerere. Hapa kwetu chuo cha kufundisha madaktari kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963 tu. Hivyo waganga wa kwanza wa Tanganyika iliwabidi waende Makerere, na walijifunza kando ya vitanda vya Mulago kwa desturi ileile.

Kazi ya Bibi Katharine Cook haina budi kuelezwa peke yake, maana mara nyingi husahauliwa. Watoto wachanga na mama zao walikuwa wakifa kwa wingi mno. Baada ya vita alianza kufundisha wasichana ukunga, na mwaka 1921 shule yao ilifunguliwa kwa jina la Lady Coryndon, mke wa Gavana. Kwanza wazazi walisita; wengi waliona si heshima msichana asiyeolewa kushika kazi ya kuzalisha, ambayo tangu kale ilikuwa ya wanawake watu wazima. Bibi Cook alilea wasichana hao kwa masharti makali, na waliofaulu walipelekwa vijijini kuongoza vituo vidogo vya uzazi.

Cook na mkewe walitunga kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Walijifunza lugha ya wanafunzi wao kwanza, kisha wakaandika. Msichana aliyesoma miaka michache tu katika shule ya kijiji aliweza kukifungua kitabu usiku, taa mkononi, akatafuta la kufanya mtoto akiwa amekaa vibaya tumboni. Wanachuo wanaodhani kuwa sayansi haifundishiki ila kwa Kiingereza wangefanya vema kulifikiri jambo hilo.

Lakini nisimpambe Cook kupita kiasi. Mwaka 1907 na baadaye alitangaza kuwa kaswende imewaenea watu wa Buganda kwa kiasi cha kutisha, na serikali ikaendesha kampeni iliyowalazimisha watu kupimwa, jambo lililowadhalilisha wengi, hasa wanawake. Watafiti wa baadaye wameonyesha kuwa sehemu kubwa ya alichokiita kaswende yaelekea ilikuwa maradhi mengine, kama vile buba, ambayo hayaenezwi kwa zinaa. Wanafunzi wake walilipokea kosa hilo pamoja na maarifa mema, wakalipeleka hadi vijijini, kwa sababu mwalimu aliyekuwa akisahihisha kila mtu wodini hakuwa na wa kumsahihisha yeye. Aidha, kwa miaka mingi Waafrika waliofunzwa walibaki wasaidizi, hata pale walipokuwa na uzoefu kuwapita vijana wa Kizungu waliotumwa kuwaamuru. Mfumo wa kikoloni uliwawekea dari, na misheni iliishi chini ya dari hiyo pasipo kuivunja.

Sasa nirudi kwa mtoto wa Kigamboni aliyeinua mkono. Mwaka mmoja mwanachuo wetu, baada ya kunisikia nikieleza habari za Mengo, aliwachukua watoto zaidi ya sitini akawapeleka zahanati asubuhi ya kliniki, pasipo barua wala ahadi. Akina mama walikuwa wamejaa barazani na watoto wao wachanga. Muuguzi wa zamu alikuwa peke yake. Aliwafukuza wote, na alikuwa na haki. Kosa lilikuwa langu kwa sehemu, kwani nilikuwa nimesimulia kishujaa nikasahau kusema kuwa Cook alianza na vijana wachache. Mwaka uliofuata mwanachuo mwingine alikwenda kwanza peke yake, akaomba ruhusa kwa mganga wa zahanati, akarudi na watoto wanne. Hawakugusa damu wala sindano; mtoto wa shule hana ruhusa hiyo, wala haifai aombewe. Walikaa karibu na mizani, muuguzi akipima watoto na kusoma uzito, nao wakajifunza kutia alama kwenye karatasi yao ya mazoezi iliyochorwa mfano wa kadi ya kliniki, pasipo jina la mtoto yeyote. Muuguzi aliwasahihisha mara mbili. Waliporudi darasani waliwafundisha wenzao kusoma mstari unaopanda na unaoshuka, na somo la grafu, ambalo lilikuwa limekwama wiki nzima, likapata njia. Mmoja wao, msichana, aliomba kurudi Alhamisi iliyofuata. Alikubaliwa.

Albert Cook alipewa cheo cha Sir mwaka 1932. Mkewe alifariki mwaka 1938, naye akabaki Uganda hadi kifo chake, Kampala, tarehe 23 Aprili 1951. Maktaba ya udaktari ya Makerere ilipewa jina lake. Madaftari ya wagonjwa wa Mengo yalihifadhiwa, na baada ya kufa kwake wataalamu waliyapitia ukurasa kwa ukurasa wakitafuta habari za saratani. Waliona humo watoto waliokuwa na uvimbe wa taya, walioandikwa miaka mingi kabla ya mwaka 1958, ambapo daktari mpasuaji Denis Burkitt wa Mulago aliueleza ugonjwa huo kwa walimwengu. Hapo mwanzoni hakuna aliyejua ni ugonjwa gani. Walioandika waliandika walichokiona tu: umri wa mtoto, kijiji alichotoka, na mahali uvimbe ulipokuwa.