Nzinga, malkia aliyekataa kuketi mkekani

Hebu fikiria umeitwa kwa mkutano mzito, unaingia chumbani unakuta mwenyeji amekalia kiti cha kifahari, wewe umetandikiwa mkeka. Utafanyaje?

Hayo yalimpata Nzinga jijini Luanda, Angola ya leo, mwaka wa 1622. Kaka yake, mfalme wa Ndongo, alikuwa amemtuma kutafuta amani na gavana wa Ureno, João Correia de Sousa. Wareno (ndio hao hao wa Fort Jesus ya Mombasa) walijua wanachofanya. Mwenye kiti ni mkubwa, aliye chini ni wa kutawaliwa. Yaani kabla mtu hajafungua mdomo, ushaambiwa wewe ni nani.

Nzinga hakuzua fujo. Alimwashiria mjakazi wake mmoja, mjakazi akapiga magoti na kuweka mikono sakafuni, naye akamkalia mgongoni. Sasa wakawa wanatazamana macho kwa macho, yeye na gavana. Alipodaiwa kodi, akakataa: kodi hutolewa na walioshindwa vitani, na Ndongo haikuwa imeshindwa.

Kisa hiki kiliandikwa na Cavazzi, padri Mwitaliano aliyeishi kwenye makao ya Nzinga miaka yake ya mwisho. Watu hukisimulia wakishangilia, na hata mimi nashangilia. Lakini yule mjakazi je? Heshima ya malkia ilibebwa na mgongo wa msichana ambaye jina lake hatulijui. Hiyo sehemu hainikalii poa, bana.

Na Nzinga alijua kubadilika. Papo hapo Luanda alikubali kubatizwa, akaitwa Ana de Sousa, jina la ukoo la gavana mwenyewe. Wareno hawakutimiza ahadi zao. Kaka yake alipofariki 1624, alichukua uongozi, akafukuzwa Ndongo, akateka ufalme wa Matamba, kisha akaungana na Waholanzi walioinyakua Luanda 1641. Wareno waliirudisha 1648, naye akaendelea kupigana.

Mwaka wa 1656 walikubaliana amani. Alimkomboa dada yake aliyekuwa mateka wa Wareno kwa miaka mingi, na malipo yenyewe, usishangae, yalikuwa watumwa. Ile kodi hakuilipa. Alifariki Desemba 1663 akiwa na takriban miaka 80, bado malkia.