Rachel Carson: Aliyetaka sumu ipimwe kabla ya kupuliziwa

NZIGE wekundu walipozaliana kwa wingi magharibi mwa Tanzania mwaka 2009, hekta zipatazo 10,000 katika Iku-Katavi, nyanda za Ziwa Rukwa na bonde la mto Malagarasi zilinyunyiziwa kutoka angani kuvu inayoua nzige bila kuwadhuru ndege na samaki. Kwa wakulima wa Ufipa, ambao mahindi yao yako juu tu ya bonde la Rukwa, kazi hiyo ilikuwa kinga ya chakula chao.

Njia ya kupambana na wadudu kwa kutumia maadui wao wa asili ilikuwa imetetewa miaka 47 kabla na mwanasayansi wa Marekani, Rachel Carson.

Carson alizaliwa Mei 27, 1907, huko Springdale, jimbo la Pennsylvania. Alipata shahada ya uzamili katika elimu ya wanyama Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1932, kisha akaajiriwa na idara ya serikali ya uvuvi. Kitabu chake kuhusu bahari, kilichotoka mwaka 1951, kilimpa mapato yaliyomwezesha kuacha ajira na kuishi kwa kalamu.

Septemba 1962 alichapisha Silent Spring. Humo alionyesha jinsi DDT inavyodumu katika udongo na maji, ikipanda kutoka kwa mdudu hadi samaki, ndege na binadamu. Hakutaka viuatilifu vyote vipigwe marufuku. Alipinga kuvimwaga ovyo huku wananchi wakifichwa madhara yake.

Makampuni ya kemikali yalimshambulia vikali, yakidai kuwa njaa na magonjwa vingerejea. Hata hivyo, Mei 1963 jopo la wanasayansi la Rais John Kennedy liliunga mkono sehemu kubwa ya hoja zake. Mwezi uliofuata alitoa ushahidi mbele ya Seneti, akapendekeza chombo huru kisichofungamana na viwanda, huku akificha kwamba alikuwa mgonjwa wa saratani ya matiti. Alifariki Aprili 14, 1964, akiwa na umri wa miaka 56.

Mwaka 1970 Marekani iliondoa usajili wa viuatilifu Wizara ya Kilimo na kuukabidhi kwa mamlaka mpya ya mazingira, ambayo mwaka 1972 ilipiga marufuku karibu matumizi yote ya DDT mashambani. Wapo wanaomlaumu Carson kwa vifo vya malaria, ingawa Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, unaruhusu DDT kutumika dhidi ya mbu.

Tanzania ilifuata njia nyingine. Sheria ya mwaka 1979 iliiweka kazi hiyo mikononi mwa Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu (TPRI) ya Arusha, na Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ikaihamishia kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyo chini ya Wizara ya Kilimo. Hivyo wizara inayohimiza mavuno ndiyo inayosimamia upimaji wa sumu, jambo ambalo Carson alilitilia shaka. Mkulima wa Sumbawanga anataka mahindi yake yaokolewe, na mvuvi wa Ziwa Rukwa anataka maji yake yawe salama. Sheria inapaswa kuwalinda wote wawili.