Wilbur Wright: Rubani aliyezunguka mji mzima akitafuta mbao

Ukitaja ndege ya kwanza, watu wanakumbuka injini. Lakini kwa Wilbur Wright wa Marekani, kichwa kiliuma kwanza kwenye mbao.

Alizaliwa 1867, mtoto wa askofu. Mwaka 1878 baba yake alirudi safarini na kidude cha kuruka cha kizibo, mianzi na karatasi, kikizungushwa kwa mpira. Wilbur na mdogo wake Orville walikichezea mpaka kikaisha. Wakatengeneza vingine, kila kimoja kikubwa kuliko cha mwanzo. Ajabu, vikubwa viligoma kupaa! Baadaye sana ndipo walipoelewa kwamba ukiongeza ukubwa, uzito nao unapanda kwa kasi kuliko unavyodhani.

Ukubwani walifungua duka la baiskeli mjini Dayton. Septemba 1900 Wilbur akafunga safari kwenda Kitty Hawk, pwani yenye upepo na mchanga, kujaribu ndege isiyo na injini. Vipande vingi alivibeba. Mihimili mirefu ya mabawa alipanga kuinunua njiani.

Alitaka sprusi ya futi 18: nyepesi, imenyooka, nyuzi zake ndefu. Akaizunguka Norfolk kwenye joto kali, hola. Akachukua paini ya futi 16.

Futi mbili tu, utasema. Kumbe mabawa yalishuka kutoka futi za mraba 200 alizokusudia hadi 165. Kitambaa kilichokwisha kushonwa nyumbani ikabidi kikatwe na kushonwa upya, kwa cherehani ya mama mmoja mwenyeji wa Kitty Hawk. Na bawa dogo linadai upepo mkali zaidi ili limbebe mtu. Basi muda mwingi waliirusha kama tiara. Hata hesabu za kuinua walizozitegemea, zilizopigwa na wengine, zilikuwa na kasoro. Msimu mzima Wilbur alikaa hewani kama dakika mbili hivi.

Hawakurudia hilo. Ndege yao ya 1903 ilipata sprusi kwenye sehemu zilizonyooka, na mbao ya eshi, ngumu lakini inapindika kwa mvuke, kwenye sehemu za mviringo. Mapangaboi waliyachonga wenyewe kwa shoka dogo, kutoka vibao vya sprusi vilivyogundishwa. Hapo hasa ndipo ufundi wao ulipo.

Desemba 17, 1903 Orville aliruka kwanza, sekunde 12. Safari ya nne ilikuwa ya Wilbur: sekunde 59, futi 852.

Wilbur alifariki kwa homa ya matumbo Mei 30, 1912, akiwa na miaka 45, hajaoa. Julai 1969, wanaanga wa Apollo 11 walipokwenda mwezini, walibeba kipande cha mbao ya pangaboi la ndege ile.