Askofu Lucas wa Masasi na Swali la Jando

William Vincent Lucas alizaliwa Uingereza mwaka 1883. Alipokwisha kupewa upadre alijitoa kwa Misioni ya Vyuo Vikuu, akafika nchi ya Masasi mwaka 1909. Nchi hiyo ina vilima vikubwa vya mawe vilivyosimama peke yake katika nyika, na upande wa mashariki huinuka nchi ya juu ya Wamakonde, uliko mji wa Newala. Humo hukaa Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wamwera.

Kanisa lilikuwa limeanza Masasi tangu 1876, Askofu Steere alipowaleta kutoka Unguja watu waliokombolewa katika utumwa. Huko Chitangali, katika nchi ya Newala, aliwachunga Wakristo Padre Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza wa misioni hiyo kupata upadre, mwaka 1890. Katika vita ya Maji Maji, mwaka 1905, nyumba za misioni ya Masasi zilichomwa moto, na kazi ikaanzwa upya. Basi Lucas hakukuta Kanisa changa lisilojua taabu.

Lakini palikuwa na neno moja lililowasumbua Wakristo hao, nalo ni jando. Kwa desturi ya nchi, wavulana walipelekwa kumbini, wakatahiriwa, wakafunzwa mambo ya utu uzima. Asiyepita jandoni alihesabiwa mtoto, hata akiota ndevu. Tena katika jando palikuwa na maombi kwa mizimu, na nyimbo na mafundisho yasiyomfaa Mkristo. Kwa hiyo wamisionari wengi waliona ni heri desturi yote iachwe. Mzazi Mkristo akawa kati ya mambo mawili mazito: akitii, mwanawe atadharauliwa na rika lake, akimpeleka kwa siri, atarudi kanisani na uongo moyoni.

Lucas angaliweza kukataza tu, na watu wangaliitikia kwa midomo. Hakufanya hivyo. Aliuliza. Katika jando, ni lipi hasa lililo ovu? Je, ni kutahiri? Je, ni kumfundisha kijana kuvumilia maumivu na kuwaheshimu wakubwa? Au ni yale maombi na maneno machafu peke yake? Maswali hayo asingaliweza kuyajibu mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mgeni. Iliwapasa mapadre na walimu Waafrika kumweleza, nao ndio waliozijua desturi za kwao. Mwenye kuuliza kweli huwa tayari kufundishwa, hata na yule aliyekuja kumfundisha.

Wala swali hilo halikuwa geni katika Kanisa. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia jinsi Mitume na wazee walivyokutana Yerusalemu juu ya neno la tohara, wakahojiana sana kabla ya kukata shauri. Hawakuhesabiwa kuwa na imani haba kwa sababu ya kuhojiana.

Basi shauri likawa hili: mabaya yaondolewe, mema yahifadhiwe, na yote yawekwe mbele ya Mungu. Likaanzishwa jando la Kikristo. Kumbini palisimamishwa msalaba, na padre alikuwa pamoja na vijana. Walisali asubuhi na jioni, wakafundishwa usafi wa mwili na wa roho, na siku ya kutoka wakaingia kanisani kumshukuru Mungu. Nyimbo na ngoma hazikukomeshwa zote. Zile njema zilibaki.

Si wote waliopendezwa. Baadhi ya Wakristo waliogopa kwamba upagani utaingia kanisani kwa mlango wa nyuma, na hofu yao haikuwa ya upuuzi. Unyago wa wasichana nao ulikuwa mgumu zaidi kutengenezwa, maana mambo yake yalikuwa mikononi mwa wanawake wazee, nao hawakuwa wepesi wa kuyaacha. Kwa hiyo Lucas alijifunza kwamba jibu jema la swali moja si lazima liwe jibu la jingine.

Mwaka 1926 nchi ya Masasi ilitengwa na Dayosisi ya Unguja, ikawa dayosisi yenyewe, naye Lucas akawekwa kuwa Askofu wake wa kwanza. Mwaka 1928 aliandika juu ya desturi hizo ili wamisionari wa nchi nyingine wazifikiri. Alishika neno hili: Mwafrika anayebatizwa halazimiki kuwa Mzungu ili awe Mkristo. Aliacha kiti chake mwaka 1944, akafa mwaka 1945.

Wako watu waulizao ili wakwepe kutii, na wako waulizao ili wajue ni lipi wapaswalo kulitii. Lucas alikuwa wa namna ya pili. Toma naye aliuliza, wala Bwana hakumfukuza, bali alimwonyesha mikono yake. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye swali la kweli juu ya imani asilifiche moyoni kama mzazi yule aliyempeleka mwanawe kwa siri. Na alilete mbele ya mwalimu wake na mbele ya Mungu, kisha awe tayari kulifuata jibu, hata likiwa zito.