Al-Masudi, Msafiri Aliyeviandika Vinu vya Upepo

Huku Bomet, katika nchi ya chai, Mto Nyangores huporomoka pale Tenwek, na tangu 1987 maji yake yanazungusha mtambo wa umeme wa hospitali. Kuyaona maji yakitumikishwa hivyo kulinikumbusha Abul-Hasan Ali bin Husein al-Masudi, mwanachuoni aliyetuachia habari za upepo kutumikishwa. Wengi wetu tukisikia kinu cha upepo huwataja Waholanzi. Wakale zaidi wapo.

Al-Masudi alizaliwa Baghdad mwishoni mwa karne ya 9, katika kizazi cha Sahaba Abdullah bin Masud. Hakuwa mtu wa kukaa kitako. Mwaka 915 alikuwa Uajemi, akapita Bara Hindi, kisha mwaka 304 Hijria akasafiri kwa chombo kutoka Kanbalu hadi Omani. Kanbalu hiyo, wataalamu wengi huona ni Pemba. Kwa hiyo, wasomaji wangu, bwana huyu si mgeni kwetu. Bahari yetu aliiogopa kuliko zote alizozipita.

Katika kitabu chake Muruj adh-Dhahab, alichokimaliza mara ya kwanza 943, aliieleza Sijistan, nchi ya upepo na mchanga iliyo mpakani mwa Iran na Afghanistan ya leo. Watu wa huko waliufanya upepo uzungushe vinu na upandishe maji ya visima ya kunyweshea bustani. Vinu vya jinsi hiyo vingali vimesimama Nashtifan, Iran. Mhimili wake umesimama wima kama mlingoti, umezungukwa na matanga, na ukuta umeziba upande mmoja ili upepo uyapige ya upande wa pili tu. Mhimili ukizunguka, kijaa cha juu huzunguka nao. Basi. Cha Waholanzi mhimili wake umelala, ndiyo maana hutaka magurudumu ya meno ya kuugeuza mwendo, na kichwa chake sharti kielekezwe upepo utokako. Ufundi mkubwa, lakini Ulaya haikuwa na vinu vya upepo hadi karne ya 12.

Ni yeye pia aliyesimulia jinsi Sayyidna Umar alivyomuuliza Abu Luluah habari za kinu cha upepo, naye akajibu kwa vitisho. Kisha akamuua, mwaka 644.

Al-Masudi alifariki Fustat, Misri, 956. Kitabu chake kikubwa, Akhbar az-Zaman, kimepotea. Muruj tunaoufaidi leo, yeye aliuhesabu kuwa muhtasari tu.