Wasifu wa Hermann Lehmann, Mtafiti wa Selimundu

Soma wasifu ufuatao kwa makini, kisha jibu maswali.

Hermann Lehmann alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Halle, Ujerumani. Alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933. Watu wenye asili ya Kiyahudi kama yeye walifungiwa milango ya vyuo na hospitali. Shahada yake aliipata Basel, Uswisi, mwaka 1934, na baadaye akahamia Cambridge, Uingereza. Huko nako hakupata amani upesi. Mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliwekwa kizuizini kwa kuwa alikuwa Mjerumani. Alipoachiwa alijiunga na jeshi la Uingereza kama daktari, akatumikia India.

Mwaka 1947 Lehmann alifika Makerere, Uganda, kuchunguza utapiamlo na upungufu wa damu. Akishirikiana na Alan Raper, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Walitafuta chembe nyekundu ambazo, zikikosa oksijeni, hupinda na kuwa na umbo la mundu. Walitangaza matokeo mwaka 1949. Katika baadhi ya makabila wabebaji wa kinasaba cha selimundu walikuwa wachache sana, lakini kwa Waamba wa Bwamba, magharibi mwa Uganda, walikaribia asilimia 45.

Je, kinasaba kinacholeta ugonjwa unaoua watoto kimewezaje kuenea hivyo? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitoa jibu. Mtoto aliyerithi kinasaba hicho kutoka kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, na hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo wabebaji ni wengi pwani na kando ya maziwa yenye joto na mbu, na ni wachache kwenye milima yenye baridi. Mwanafunzi wa Ngumbo, mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako malaria si mgeni, anaweza kuielewa hoja hii kwa urahisi.

Chanzo cha selimundu ni badiliko dogo la kinasaba. Mwaka 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alionesha kuwa asidi amino moja tu katika himoglobini imebadilishwa na nyingine. Hata hivyo, madhara yake ni makubwa. Chembe zilizopinda huwa ngumu, hunata kwenye kuta za mishipa na hupasuka mapema. Mishipa midogo huziba na damu huwa nyepesi kuganda ndani ya mishipa. Ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu, hupata maumivu makali ya mifupa, na yumo hatarini kupata kiharusi, hata akiwa mtoto, au damu iliyoganda kwenye mapafu.

Lehmann alirudi Uingereza mwaka 1949. Mwaka 1952 yeye na mwenzake walionesha kuwa selimundu ipo pia katika milima ya Nilgiri, kusini mwa India. Kwa hiyo si ugonjwa wa Waafrika peke yao. Kuanzia mwaka 1963 alifanya kazi Cambridge, akichunguza aina nyingi za himoglobini zenye kasoro. Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Alifariki mwaka 1985. Mtu aliyekataliwa kwao kwa sababu ya nasaba yake alitumia maisha yake kuchunguza magonjwa ya kurithi.

Kazi hiyo inatuhusu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, katika kila ujauzito kuna uwezekano wa 1 kati ya 4 kwamba mtoto atazaliwa na ugonjwa huo. Mtoto huyo hakurogwa, wala mama yake hana kosa. Anahitaji kupimwa mapema na kufuatiliwa kliniki.

Maswali
1. Kwa nini Lehmann aliondoka Ujerumani?
2. Eleza kwa nini kinasaba cha selimundu hakikutoweka katika maeneo yenye malaria.
3. Taja sababu mbili zinazofanya mishipa ya mgonjwa wa selimundu izibe.
4. Kwa kutumia mchoro, onesha uwezekano wa kurithi selimundu iwapo wazazi wote wawili ni wabebaji.